Spika Mbili kwa Sikio Moja

Sikio la kulia la mke wangu lilikufa asubuhi moja, baina ya sala ya alfajiri na chai. Aliinuka kwenye msala akaniuliza mbona nimefunga madirisha yote. Madirisha yalikuwa wazi, na chini uchochoroni muuza mkate alikuwa akipita na baiskeli huku akipiga kengele. Mke wangu alikwenda dirishani, akageuza kichwa upande huu, kisha upande ule, halafu akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Huku kulia hamna kitu."

Mimi ni daktari wa meno. Ya masikio siyajui sana, lakini nilijua kwamba jambo kama lile halingojwi. Tulikwenda hospitali asubuhi ile ile. Alipewa dawa, akazitumia kama alivyoagizwa, tukawa tunarudi kupimwa. Tabibu aliyemwangalia alikuwa mtu mkweli. Alitwambia kuwa mshipa umeathirika na hakuna cha kuzibua wala cha kusafisha, na sikio la kushoto tushukuru ni zima.

"Mtu anaweza kuishi vizuri na sikio moja," alisema.

"Kuishi najua," mke wangu akamjibu. "Mimi nnauliza kufundisha."

Kufundisha ndiyo kazi yake. Baada ya sala ya alasiri, wanawake wa mtaa wetu wa Malindi, hapa Unguja, na mitaa ya jirani hupanda ngazi zetu, wakavua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mkeka kusoma Qur'ani. Wapo wenye maduka, yupo mkunga, wapo bibi waliosoma utotoni haraka haraka na sasa wanataka kusoma tena kwa utulivu. Anachowafundisha ni kutoa kila herufi mahala pake: hii inatoka kooni, hii kwenye ncha ya ulimi, hii ulimi unakandamiza ubavuni. Nilipomuoa nilidhani mimi ndiye mtaalamu wa kinywa katika nyumba. Baadaye niligundua kwamba nilichokuwa nakijua ni fanicha tu, na mwenye kujua nani anakaa humo ni yeye.

Wiki ile ya kwanza nilitazamia kuwa darasa litasimama. Nilikuwa hata nimeshatafuta maneno ya kumfariji. Yeye alichukua mto wake, ambao siku zote ulikuwa katikati ya chumba na wanafunzi wakimzunguka, akauhamishia pembeni, bega lake la kulia likagusa ukuta. Wanawake walipoingia aliwaambia mara moja tu: "Sikio langu la kulia limepumzika. Anayetaka nimsikie akae huku." Wote wakahamia kushoto kwake, na somo likaanza. Kwa kuwa sauti nyingi kwa pamoja zilimchanganya, akaacha kuwasomesha kwa kuitikia wote, akawa anamsikiliza mmoja mmoja. Waliokuwa wakijificha ndani ya sauti za wenzao hawakuwa na pa kujificha tena, na wakaanza kusoma vizuri kuliko zamani. Mimi nilikuwa nikisikia yote kutoka chumba cha pili, na nilijiona mdogo kwa maneno yangu ya faraja.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomshinda. Mwalimu wake, bibi mmoja aliyemsomesha tangu utotoni na ambaye keshafariki, alikuwa amerekodiwa kwenye kanda akitoa somo la herufi. Tulishaihamishia kanda ile kwenye flashi, na mke wangu alikuwa na mazoea ya kuisikiliza akichambua mchele au akipiga pasi. Baada ya sikio kufa, kila alipoifungulia kwenye simu au kwenye kiredio chetu cha jikoni, sauti ilimfikia kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. Siku moja nilimkuta ameizima kabla haijafika nusu.

"Naona nshaanza kuisahau sauti yake," alisema. "Ninayemsikia humu si yeye."

Hakulia. Aliendelea kukunja nguo.

Sasa lazima niseme kuwa mimi mwenyewe ni mtu wa muziki. Nilikulia karibu na chumba walichokuwa wakifanyia mazoezi wapiga taarabu, na baraza ya jirani yetu ndiyo iliyokuwa kiti changu. Baada ya kutwa nzima ya kusikia mashine ya meno, dawa yangu ni fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Kwa miaka nilikuwa nikisoma habari za spika kwenye mtandao kama wenzangu wanavyosoma habari za mpira, bila ya kununua. Siku ile nguo zilipokwisha kukunjwa, nilimwambia nitanunua spika, na safari hii spika za maana.

"Za maana kwa nani?" akaniuliza.

"Kwako."

"Basi mimi ndiye ntakayezisikiliza. Usije ukaniletea kitu kwa sababu kinang'aa."

Tulivuka kwenda Dar es Salaam. Duka lilikuwa ghorofani, na chumba cha kusikilizia kilitandikwa zulia zito, kimya kama msikiti mchana. Mwenye duka, mtu wa makamo aliyeirithi biashara hiyo kwa baba yake, alitukalisha kwenye kochi mbele ya spika mbili zilizonifika kifuani kwa urefu, nyeusi, laini kama kinanda. Akapiga muziki wa ala. Ngoma iliponguruma niliihisi mbavuni, na zumari ilipoingia nilidhani kuna mtu amefungua mlango nyuma ya ukuta. Nilikuwa tayari kuzichukua papo hapo. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, mwenye subira kama mtu anayengoja mgeni amalize kujisifu. Muziki ulipokwisha akatoa flashi yake mkobani.

Sauti ya bibi ikajaa chumbani, na mivumo yote ya ile kanda ikaja nayo.

"Mama, hii rekodi ni ya zamani," mwenye duka alisema kwa adabu. "Ina vumbi jingi."

"Vumbi nalijua. Namtafuta aliyemo ndani yake."

Akasikiliza tena, kichwa amekigeuza kidogo ili sikio la kushoto litangulie. Kisha akatikisa kichwa. "Huyu ni mwanamke mnene. Mwalimu wangu alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Spika hizi zimemnenepesha."

Mwenye duka alicheka, akaenda kuleta nyengine ndogo zaidi. Safari hii mke wangu alisema mwalimu amekonda kama alivyokuwa, lakini kila akitamka herufi ya sini inachoma kama sindano. Yule bwana akabadilisha tena, akazisogeza, akabadilisha waya. Sikumuona akichoka wala kununa. Mwisho wa kanda bibi anasoma sura fupi, na mwenye duka, akidhani somo limekwisha, alinyoosha mkono ili aizime. Mke wangu akainua kiganja. Mkono wa yule bwana ukabaki hewani, kisha akaushusha polepole, akasimama ameinamisha macho mpaka aya ya mwisho ikatimia.

Halafu akavuta kiti, akakaa mbele yetu.

"Mama, ninazo za bei ya juu zaidi ya hizi," alisema. "Lakini nisikudanganye. Zitakupa zaidi ya kile ambacho hukitaki. Wewe unataka mtu anayesema, na hizi zimetengenezwa kwa ajili ya ngoma." Akafikiri kidogo. "Kuna mzee huko huko kwenu, Mbweni, mteja wangu tangu siku za baba. Anazo spika za mbao za zamani, za vyumba vya redio. Mafundi walikuwa wakizitumia kusikiliza watangazaji wanavyosema. Sijui kama atakubali kuachana nazo, lakini mkazisikilize."

Akampigia simu mzee huyo mbele yetu, akatutambulisha. Mtu amepoteza wateja mbele ya macho yake, na bado anawatafutia mahala pengine pa kwenda. Nilimpa mkono kwa heshima kubwa.

Njiani kurudi nilikuwa nimenuna kidogo kwa ajili ya zile ndefu nyeusi. Mke wangu alinitazama akasema, "Zilikupendeza."

"Sana."

"Niliona. Ulikuwa umefumbua mdomo kama wagonjwa wako."

Mzee wa Mbweni alitupokea barazani kwake siku ya Ijumaa baada ya sala. Alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu, mzaliwa wa Unguja, aliyefanya kazi Maskati ujana wake wote. Wenziwe walirudi na samani na magari, yeye alirudi na masanduku ya spika. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, akatuletea kahawa na haluwa, na hakutaka kusikia habari ya spika mpaka tumalize kunywa. Wakati wa mazungumzo nilimuona akimwangalia mke wangu jinsi anavyogeuza shingo kila anaposemeshwa.

"Bi mwalimu," akamuuliza, "ni sikio lipi?"

"La kushoto ndilo lililobaki."

"Mimi nna hiki," akasema, akagusa kifaa kidogo nyuma ya sikio lake. "Kwa hiyo nawajua wenzangu." Akainuka, akaingia ndani, tukasikia kiti kikiburutwa. Alipotuita, kiti cha mke wangu kilikuwa kimeshawekwa ili sikio lake zima lielekee spika.

Spika zenyewe hazikunivutia. Yalikuwa masanduku ya mbao ya rangi ya mdalasini, mafupi, yamewekwa juu ya vigoda, na kitambaa cha mbele kimefifia. Nilijisemea moyoni kwamba tumekuja kunywa kahawa tu. Mzee akachomeka flashi, akaongeza sauti kidogo sana, kiasi cha mtu kuzungumza na mwenzake chumbani, akarudi nyuma.

Mivumo ya kanda ilikuwepo, lakini ilikaa kando, kama mvua inavyokaa nje ya nyumba. Ndani kulikuwa na mwanamke mwembamba mwenye umri mkubwa, anayetoa maneno yake taratibu. Nilisikia akivuta pumzi. Nilisikia, kwa sikio la kazi yangu, kwamba alikuwa hana meno mawili ya mbele ya juu, na kwamba alikuwa amejifunza kuitengeneza thaa bila ya meno hayo. Herufi zilikuja moja moja, kila moja na mahala pake: qafu ikitoka nyuma kabisa, kafu ikija mbele yake, na baina yao pana nafasi ambayo ungeweza kupitisha kidole. Kwenye kanda ile, mahala fulani, bibi anakatiza somo na kumwita mmoja wa wanafunzi wake.

"Wewe unayechungulia dirishani. Rudia."

Na mke wangu, mtu mzima, kilemba chake kichwani, mbele ya mzee ambaye tumejuana naye kwa muda wa vikombe vya kahawa, akajibu, "Naam, mwalimu," akarudia. Alitamka dhwadi na dali, kisha dhwadi tena, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa.

Kanda ikaendelea, na humo ndani msichana mdogo naye akarudia herufi zile zile, na bibi akamwambia, "Sasa umesema." Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi bila ya kujua kwamba msichana yule wa kwenye kanda ni yeye. Hakuwahi kunambia.

Mzee alizima, akatoa leso, akajifanya anafuta vumbi juu ya spika.

Tulirudi barazani. Nilikuwa nimelipanga jambo langu kichwani, na nikaona bora niliseme wazi. Mtu wa sikio moja hapati pande mbili za muziki, kulia na kushoto kwake ni mamoja. Kwa hiyo nikamuuliza mzee kama angekubali kutuachia spika moja tu, tuiweke upande wa mke wangu, naye abaki na ya pili.

Mke wangu ndiye aliyejibu, tena akinielekea mimi.

"Na wewe?"

"Mimi ntasikiliza hiyo hiyo."

"Wewe Mungu amekuachia mawili. Usijifanye kiziwi kwa ajili yangu, sitakushukuru." Akamgeukia mzee. "Baba, mume wangu ni mtu wa taarabu. Akipata nusu ya fidla atakuwa nusu ya mume, na mimi ndiye ntakayekaa naye."

Mzee alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akatwambia kwamba hauzi moja na wala hauzi mbili, si leo. "Spika huchaguliwa nyumbani kwa mtu," alisema. "Hapa mmekichagua chumba changu. Zichukueni, zikae kwenu, kisha mje mnambie." Hakutaka rahani wala karatasi. Alitupa na amplifaya yake ndogo, kwa sababu alisema zimezoeana.

Chumba chetu cha mbele ni kama vyumba vyote vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe: kirefu na chembamba, kwa kuwa upana wake ni urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta ni mawe na chokaa, nene kama kifua cha ng'ombe, na dari iko juu sana. Tulipowasha, nilitamani kulia. Mwalimu aliyekuwa amekaa nasi Mbweni sasa alikuwa ndani ya birika la maji. Kila herufi ilikwenda ukutani ikarudi na wenzake. Nilizisogeza spika mbele, nyuma, nikaziinua, nikaziinamisha, kama nilivyosoma kwenye mtandao. Kwa kila nilichofanya mke wangu alisema, "Bado."

Mwishoe alinambia nikae chini. Akaanza kutembea chumbani akipiga makofi, kofi moja kila hatua chache, sikio la kushoto limetangulia. Mahala pengine kofi lilikuwa kavu, mahala pengine liliacha mkia mrefu. Kila palipokuwa na mkia alisimama akaangalia pana nini, na mara zote palikuwa na ukuta mtupu. Siku iliyofuata akaleta mazulia aliyokuwa amerithi kwa mama yake, akayatundika ukutani kwa misumari ya zamani iliyokuwepo tangu kabla yetu. Kabati la vitabu likahamia upande wa pili. Mikeka miwili ikatandikwa juu ya mmoja. Wanawake wa darasani walipokuja walimkuta juu ya kigoda akining'iniza pazia zito, wakavua mabuibui yao wakamsaidia, wakicheka. Kila kitu kilipokuwa kimekaa alipiga tena makofi, akatembea, akapiga. Alizivuta spika zikaachana na ukuta, karibu kabisa na anapokaa.

"Washa," alinambia.

Bibi alikuwa chumbani. Mkunga, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango, aliinuka akamwamkia, kisha akakaa tena kwa haya.

Tokea siku hiyo kila darasa huanza naye. Mke wangu huwaambia, "Huyu ndiye mwalimu wenu, mimi ni msaidizi wake," na huwasikilizisha herufi moja au mbili, kisha huzima na kuwataka warudie. Nilikwenda Mbweni kumwambia mzee kuwa zimechaguliwa. Alitaja bei ya kirafiki, nami nikaikubali kabla hajamaliza kuitaja.

Mimi nna zamu yangu Jumapili asubuhi, mke wangu akiwa amekaa na kikombe chake na mimi nikiwa katikati ya spika mbili. Mara ya kwanza nilipopiga taarabu ya kikundi kizima, nilisahau kuwa yupo. Wapigaji walikuwa wamekaa mbele yangu kwa safu, kila mmoja na kiti chake, hewani pasipokuwa na mtu. Niliinua kichwa nikamkuta ananitazama.

"Unaona nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nawaona wapigaji. Yeye alikuwa akisikia wimbo wote, vizuri kuliko mimi, lakini kwake wote walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja.

"Nionyeshe," akasema. "Fidla ziko wapi?"

"Kushoto, mbele ya kabati. Ni tatu, au nne, wamekaa karibu karibu."

"Na kanuni?"

Nikanyoosha kidole. Akakitazama kile kidole, kisha akatazama pale kilipoelekea, mahala patupu baina ya meza na mlango, akakodoa macho kama mtu anayemtafuta jamaa yake ukumbini.

"Mwimbaji?"

"Katikati. Amesimama hapa hapa, ungeweza kumpa maji."

"Ngoma?"

"Nyuma ya mwimbaji, kulia kidogo. Ana mkono mwepesi."

Aliuliza wote, mmoja mmoja, mpaka chumba kikajaa. Wimbo ulipokwisha alinitaka niupige tena, na safari hii hakuuliza. Alikuwa akigeuza macho kutoka kwa mpigaji mmoja hadi mwengine kwa wakati unaofaa, fidla zikijibu akazitazama, kanuni ikiingia akahamia kwake, bila ya kukosea. Alipoinuka kwenda jikoni kuongeza chai, alizunguka nyuma ya meza badala ya kukatiza katikati.

"Siwezi kupita mbele ya watu wanaopiga," alisema.